Je, Wajua? Vitabu Vilivyomvuta Jane Goodall Hadi Gombe

Je, wajua kwamba safari ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, ya kwenda Gombe, Kigoma, ilianzia juu ya mti, nyumbani kwa bibi yake mjini Bournemouth, Uingereza? Akiwa mtoto alipenda kupanda mti huo na kitabu mkononi. Alizipenda mno hadithi za Daktari Dolittle, tabibu anayezungumza na wanyama. Alipofikia miaka 10 hivi, alidunduliza senti zake akanunua kitabu kikuukuu cha Tarzan, shujaa wa kubuni wa misitu ya Afrika, na tangu hapo akashikilia kwamba akikua ataishi Afrika na wanyama.

Chimbuko la Dolittle linagusa moyo. Hugh Lofting, mtunzi wake, alikuwa askari katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Aliona farasi waliojeruhiwa wakipigwa risasi badala ya kutibiwa kama wanadamu. Hakutaka kuwaandikia watoto wake habari za vita, ndipo akawatungia, barua kwa barua, kisa cha daktari wa wanyama. Kitabu kilitoka 1920. Edgar Rice Burroughs, aliyemtunga Tarzan, hakuwahi kukanyaga Afrika, na Afrika yake ni ya kubuni tupu.

Hata hivyo, ndoto iliyochochewa na vitabu hivyo ilitimia: Julai 1960, Goodall alishuka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika pamoja na mama yake. Miezi michache baadaye alimwona sokwe aliyemwita David Greybeard akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akilichomoa likiwa limegandwa na mchwa, kisha akiwala. Sokwe wa Gombe pia huchuma vijiti na kuvipukuchua majani kabla ya kuvitumia hivyo.