Dhoruba ikipita, wadudu hawakawii: okoa bustani yako mapema

Mei 4, 2024 Kimbunga Hidaya kilitua katika Kisiwa cha Mafia, na mvua yake ikakata barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara. Habari za vimbunga huzungumzia zaidi nyumba, barabara na madaraja. Leo tunazungumzia bustani ya nyuma ya nyumba, ile inayotupatia mboga ya jioni.

Upepo hupita kwa usiku mmoja, lakini hasara huweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Mmea uliovunjika una jeraha, na jeraha ni mlango wa ukungu, bakteria na wadudu. Ndiyo maana kazi ya kwanza si kukimbilia bomba la dawa. Anza na maji, kisha kisu, halafu usafi. Dawa ije mwisho, kama itahitajika.

Toa maji

Mizizi nayo hupumua. Udongo ukijaa maji, hewa hukosekana, na mmea hunyauka kana kwamba una kiu. Ukiumwagilia, unauharakishia kufa. Chimba vifereji kando ya matuta ili maji yatoke, lakini usiyaelekeze kisimani. Usikanyage matuta wala kulima wakati udongo bado ni tope. Utashindiliwa, na ukikauka utakuwa mgumu kama tofali.

Kama maji ya mafuriko yamepita chooni au zizini kabla ya kuingia bustanini, mchicha na mboga nyingine za majani zilizofunikwa na maji hayo zisiliwe. Zing'oe uzifukie. Muhogo uliokomaa usiuache ndani ya maji, maana huoza kwa siku chache tu. Uchimbe, umenye na kuukausha makopa mara jua litakapotoka.

Kata na usafishe

Tawi lililochanika halijiungi tena. Likate kwa kisu kikali, chini kidogo ya jeraha, na upitishe makali ya kisu kwenye moto kabla ya kuhamia mmea mwingine. Nyanya zilizolala zisimamishe kwa mambo na kamba laini, kisha ondoa majani yanayogusa udongo.

Mgomba ukivunjika, ukate na uache chipukizi moja lenye nguvu lichukue nafasi yake. Gogo lake lipasue vipande vidogo vikauke, kwa sababu fukusi wa migomba hupenda kutaga kwenye magogo mabichi. Mnazi ulioanguka nao usiuache uoze shambani. Ndani ya magogo yanayooza ndimo anamozaliana yule mdudu mweusi mwenye pembe, chonga, ambaye baadaye hutoboa kilele cha minazi iliyobaki imesimama. Pasua mbao au kuni mapema.

Maembe, mapera na machungwa yaliyopukutika yaokote kila siku. Nzi wa matunda hutaga mayai ndani ya tunda, funza hukua humo, kisha hushuka udongoni na kurudi wakiwa nzi. Fukia matunda hayo kina cha nusu mita au zaidi, au yafunge kwenye mfuko mweusi na uuache juani siku kadhaa hadi funza wafe.

Mjue adui kabla ya kumpiga

Konokono hutoka usiku baada ya mvua. Waokote kwa tochi, na usiwashike kwa mkono mtupu. Majivu makavu kuzunguka miche huwazuia, ila yakilowa hayana kazi tena.

Vidukari hufuata majani laini yanayochipua baada ya kukata. Wakiwa wachache, wakamue kwa vidole. Wakizidi, changanya kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, unyunyize jioni chini ya majani. Jaribu kwanza kwenye majani machache, usubiri hadi kesho yake. Unaweza pia kutwanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, ukaloweka usiku kucha katika lita 5 za maji, ukachuja na kunyunyiza.

Nyanya ikinyauka ghafla ingali ya kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi na ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa ya kupiga. Ng'oa mmea na mizizi yake, uchome moto, na mahali hapo usipande nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo. Panda mahindi badala yake.

Kama ni lazima kununua dawa

Onyesha muuzaji jani lenye ugonjwa au mdudu mwenyewe, kwa kuwa dawa ya wadudu haiui ukungu. Nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ikiwa kwenye chupa yake yenye lebo. Usikubali ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, kwa maana mtoto anaweza kuinywa.

Soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama imeandikwa siku 7, mchicha uliopigwa Jumatatu usiingie chunguni kabla ya Jumatatu inayofuata, hata kama nyumbani hakuna mboga nyingine. Ndiyo maana tunashauri usipige bustani yote kwa mara moja. Acha tuta moja ambalo halijaguswa na dawa, mpate cha kula wakati mengine yanasubiri.

Ukishindwa kutambua ugonjwa, piga picha ya jani kwa simu, juu na chini, umpelekee afisa ugani wa kata yako kabla ya kutoa hela dukani.