Sharubu za Kambale na Ndoana ya Mvuvi

Mtu asimamapo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, pale Newala mahali paitwapo Shimo la Mungu, huliona bonde la mto Ruvuma limetandaa chini yake hadi ng'ambo ya Msumbiji. Huko juu uwandani maji ya mto ni adimu, kwa kuwa mchanga hunywa mvua yote na kuipeleka chini sana ardhini. Upande wa magharibi, Masasi, kwenye vilima vya mawe, vijito vingi hutiririka wakati wa mvua tu. Kwa hiyo mwenyeji wa wilaya hizi atakaye kuvua samaki wa maji baridi aghalabu huteremka Ruvuma.

Mto huo una sura mbili. Wakati wa mvua hufurika na maji yake huwa mazito kwa tope. Wakati wa kiangazi hupungua, ukawa mikondo miembamba ipitayo kati ya mafungu ya mchanga, pamoja na vidimbwi vilivyotulia. Mvuvi wa ndoana hukutana na sura zote mbili. Mara nyingi hukesha ukingoni na asubuhi akavuta mshipi wake, chambo kikiwa kizima. Au pengine ndoana hurudi tupu, chambo kimeliwa na mlaji hayupo. Jambo hili huitwa bahati mbaya. Hata hivyo utafiti wa viumbe wa majini waonyesha kuwa samaki mwindaji hufuata kanuni zinazoweza kueleweka, na mvuvi azijuaye hupunguza sehemu ya bahati katika kazi yake.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni kambale, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus. Waswahili husema kwamba katika nyumba ya kambale mkubwa ana sharubu na mdogo ana sharubu. Msemo huo hutumiwa kukemea mahali pasipo na heshima baina ya wakubwa na wadogo. Lakini kwa kambale mwenyewe sharubu si pambo la utu uzima. Ni chombo cha kutafutia riziki, na ndiyo maana hata mtoto anazo.

Macho na mipaka yake

Maji humeza mwanga. Hata katika maji maangavu rangi nyekundu hufifia sana kabla ya kufika kina cha mita kumi, na katika maji ya tope mwanga hutawanywa na chembe za udongo hata kitu kilicho umbali wa mkono kisionekane. Samaki aishiye katika maji ya namna hiyo hawezi kutegemea macho peke yake. Kambale ana macho madogo, na huwinda zaidi usiku.

Wako wawindaji wa namna nyingine. Baharini, nguru na kolekole huwinda kwa macho katika maji maangavu, na ndiyo sababu wavuvi wa pwani huweza kuwahadaa kwa kukokota nyuma ya chombo kitu cheupe au king'aacho. Hali kadhalika samaki wa jenasi ya Hydrocynus, wenye meno marefu yanayoonekana hata kinywa kikiwa kimefumbwa, ambao hupatikana katika ziwa Tanganyika na katika mito kadhaa ya Afrika. Spishi mojawapo ilipewa jina la nchi yetu, Hydrocynus tanzaniae, mwaka 1986. Ukali wa macho ya jamaa hii ulithibitika mwaka 2014, watafiti wa Afrika Kusini walipotangaza kwamba wamewaona samaki hawa wakiruka juu ya maji ya bwawa na kuwadaka mbayuwayu warukao. Kwa samaki wa aina hii, chambo bandia chenye kumetameta chafaa. Kwa kambale katika tope la masika, mmeto huo ni kama taa mbele ya kipofu.

Kunusa na kuonja kwa mbali

Pua ya samaki haitumiki kwa kuvutia pumzi. Maji huingia kwa tundu moja na kutokea kwa jingine, na yakipita ndani hugusa seli zinazotambua harufu. Zilizo muhimu kwa mwindaji ni harufu za asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, ambazo hutoka katika nyama, damu na utumbo na kuyeyuka majini. Samaki huweza kuzitambua hata zikiwa hafifu mno.

Kambale ana sharubu nane, na juu ya sharubu hizo, na juu ya ngozi yake isiyo na magamba, vimetapakaa vionjio kama vile vilivyo juu ya ulimi wa binadamu. Twaweza kusema kuwa mwili wake wote ni ulimi. Mwaka 1967 John Bardach na wenzake huko Marekani walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa samaki wenye sharubu wa jenasi ya Ictalurus. Samaki waliokuwa wameondolewa uwezo wa kunusa waliweza bado kukifikia chanzo cha ladha kilichokuwa mbali nao, kwa kuonja tu. Wale walioondolewa vionjio vya upande mmoja walizunguka wakielekea upande uliobaki mzima. Yaani samaki hulinganisha ladha ya kushoto na ya kulia, kisha hugeukia palipo na ladha kali zaidi.

Katika mto jambo hili lina maana moja kubwa: harufu husafiri na mkondo. Chambo kilichotupwa huacha njia ya harufu kuelekea chini ya mto, na kambale huja akiipanda njia hiyo kutoka chini.

Kusikia kwa ubavu

Sauti husafiri majini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Zaidi ya masikio yaliyo ndani ya kichwa, samaki ana mstari wa ubavuni. Huu ni mfuatano wa viungo vidogo vyenye seli za vinyweleo vilivyofunikwa kwa ute. Maji yakisogea, ute hupinda kama unyasi upindwavyo na upepo, na neva hupeleka habari ubongoni. Kiungo hiki hufanya kazi kwa umbali mfupi, aghalabu usiozidi sana urefu wa mwili wa samaki mwenyewe mara moja au mbili.

Hata hivyo samaki aogeleaye huacha nyuma yake mawimbi na vizingia vya maji visivyopotea mara moja. Mwaka 2001 Kirsten Pohlmann na wenzake nchini Ujerumani walieleza jinsi kambale wa Ulaya, Silurus glanis, alivyoweza kuwakamata samaki wadogo katika giza totoro kwa kufuata nyayo hizo za maji, hata zilipokuwa zimekwisha kaa sekunde kadhaa. Mwindaji hakukata njia kumwendea windo moja kwa moja. Aliifuata njia ileile windo lilikopita, kama mbwa afuatavyo nyayo za paa.

Hisia ya umeme

Mwindaji akisha kufika karibu, kambale ana hisia nyingine ambayo binadamu hana kabisa. Kila kiumbe hai majini huzungukwa na umeme hafifu utokanao na misuli na matamvua ya kupumulia. Mwaka 1963 H. W. Lissmann na K. E. Machin wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kuwa Clarias, ingawa yeye mwenyewe si samaki wa umeme, ana uwezo wa kuhisi umeme ulio dhaifu. Baadaye, mwaka 2000, Susanne Hanika na Bernd Kramer wa Ujerumani walieleza kuwa kambale huyu wa Afrika huweza kumgundua samaki wa jamaa ya domodomo kwa mapigo ya umeme anayoyatoa. Windo lililojificha kimya chini ya tope bado hujitangaza bila kujua.

Pigo lenyewe

Wengi hudhani kwamba samaki huuma chambo kama mbwa aumavyo mfupa. Hydrocynus huuma kweli, na meno yake huweza kuukata mshipi wa nailoni, hata yafaa kipande cha waya kiwekwe kabla ya ndoana. Lakini kambale, sangara na samaki wengine wengi kwanza hufyonza. Samaki hufungua kinywa ghafula na kupanua koo. Nafasi ya ndani huongezeka, shinikizo hushuka, na maji hukimbilia ndani yakilibeba windo. Maji hayo hutokea nyuma kupitia matamvua. Kwa samaki wengi tendo hilo lote huchukua muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Mfyonzo huo una nguvu karibu sana na kinywa tu. Umbali ukizidi upana wa kinywa chenyewe, nguvu hupungua hata ikawa si kitu. Basi samaki hana budi kusogea kabisa kabla ya kufyonza. Tena kitu asichokipenda hukitema kwa wepesi uleule. Hapa ndipo lilipo jibu la ndoana irudiyo tupu. Ikiwa mshipi umekazwa au umefungwa risasi nzito karibu na chambo, maji huingia kinywani lakini chambo hakiingii. Samaki humega kipande cha pembeni na kuondoka. Au huhisi uzito usio wa kawaida, akatema.

Mafunzo kwa mvuvi

Kutokana na hayo mvuvi aweza kupata mafunzo kadhaa. Kwanza, chambo kichaguliwe kwa kufuata hali ya maji. Maji yakiwa ya tope, harufu ndiyo mwito: nyama mbichi, utumbo au samaki aliyekatwa vipande. Maji yakiwa maangavu, mwendo na mng'ao huweza kufaa.

Pili, chambo hufuliwa na maji. Kikikaa muda mrefu asidi za amino huisha, kikabaki kama kitambaa kilichochujwa rangi. Yafaa kukibadilisha au kukikata upya.

Tatu, mvuvi aketi upande wa juu wa mkondo kuliko maficho anayoyadhania, yaani magogo, mizizi au kingo zilizochimbika, kisha atulie mahali pamoja. Ahamaye kila mara huikata njia ya harufu kabla samaki hajaimaliza.

Nne, chubwi liwe na tundu ambamo mshipi hupita kwa urahisi, ili samaki afyonzapo asiburute uzito wote. Mshipi uachwe ulegee kidogo, na ndoana iwe kali.

Tano, samaki hujifunza. Mwaka 1970 mtafiti J. J. Beukema wa Uholanzi alitangaza kwamba samaki mwindaji wa Ulaya aitwaye Esox lucius, aliyekwisha kunaswa kwa chambo bandia, alikuwa mgumu kunaswa tena kwa chambo cha namna hiyo, bali chambo hai kilimpata kama kawaida. Mahali panapovuliwa sana, kubadili chambo kwaweza kuleta faida.

Mamba naye huhisi

Elimu hii ina upande mwingine ulio mzito zaidi kuliko kitoweo. Ruvuma ina mamba. Mwaka 2002 Daphne Soares wa Marekani alieleza kuwa vinundu vidogo vilivyomo katika taya za jamaa ya mamba ni viungo vya kuhisi shinikizo la maji. Katika majaribio yake, mamba wa Marekani waliokuwa gizani waligeukia mahali lilipoanguka tone moja la maji. Mamba wa Afrika anavyo vinundu hivyo mwili mzima.

Kwa hiyo michirizi imwitayo kambale humwita na mamba. Mvuvi aingiaye majini hadi magotini ili kutega ndoana, asafishaye samaki ukingoni na kutupa utumbo papo hapo, au arudiaye kila jioni mahali palepale, anatega chambo ambacho ni yeye mwenyewe. Giza halimfichi, wala tope halimfichi. Yafaa arushe mshipi akiwa amesimama mbali na maji, samaki wasafishwe nchi kavu mbali na mto, na mahali pa kuvulia pasiwe mahali pa kuteka maji wala pa kuogea watoto.

Ndoana na utupa

Hatimaye yapo mambo ya kesho. Katika nchi nyingi za Afrika watu wamezoea kuvua kwa utupa, majani yanayopondwa na kutiwa majini. Sumu yake, iliyo ya aina ya rotenoni, huzuia seli za samaki zisitumie oksijeni. Haichagui mkubwa wala mdogo. Mayai, watoto wa samaki na wadudu wa majini ambao ni chakula chao hufa pamoja. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Hatari huwa kubwa zaidi katika vidimbwi vya kiangazi, maana humo ndimo wamo samaki watakaozaa mvua zikirudi, wakati kambale apandapo kwenye nyasi zilizofurikwa ili kutaga mayai.

Ndoana ni tofauti. Ndoana kubwa humwacha samaki mdogo, kwa kuwa kinywa chake hakiwezi kuifyonza. Mvuvi mwenye ndoana ya kadiri, chambo kibichi na subira hupata kitoweo cha leo bila kumaliza cha mwakani. Naye mtoto wa kambale, aliyejaliwa sharubu tangu siku zake za mwanzo, hupewa nafasi ya kuwa mkubwa mwenye sharubu.