Hesabu ya Mistari Katika Jiko la Futari

Ramadhani ikaribiapo, akina mama wengi mitaani mwetu hupika vya kuuza. Mtaji wao ni mdogo, na ukipotea, karo ya watoto hupotea nao. Ipo hesabu ya kidato cha nne iwezayo kuwafaa.

Tuchukue mfano. Mama ana unga kilo 12 na mafuta lita 8. Fungu la mahamri lataka unga kilo 2 na mafuta lita 1. La kaimati, unga kilo 1 na mafuta lita 1. Mafungu ya mahamri yawe x, ya kaimati y. Basi 2x + y isizidi 12, na x + y isizidi 8.

Chora mstari kutoka 6 kwenye mhimili wa x hadi 12 kwenye mhimili wa y. Wa pili kutoka 8 hadi 8. Tia kivuli upande usiowezekana. Eneo jeupe lililosalia ndilo uwezo wa mama, na faida kubwa kabisa hupatikana penye pembe zake.

Fungu la mahamri likileta faida ya shilingi 300 na la kaimati 200, mahamri matupu (6, 0) yaleta 1,800 na mafuta lita 2 hubaki. Kaimati tupu (0, 8) zaleta 1,600, na unga kilo 4 hubaki. Mistari ikutanapo, (4, 4), apata 2,000, wala hakibaki kitu.

Kijana mwenye kalamu na aketi na mamake leo. Mali bila daftari hupotea bila habari.