Je, Wajua? B.B. King na Gitaa Lake Lucille

Je, wajua kwamba jina halisi la mfalme wa bluzi ni Riley B. King? Alizaliwa tarehe 16 Septemba 1925 kwenye shamba la pamba karibu na Itta Bena, Mississippi, Marekani.

Je, wajua kilichomtoa shambani? Trekta. Siku moja mwaka 1946 alizima injini, trekta likasogea mbele na kuvunja bomba lake la moshi. Kwa kumwogopa tajiri, alibeba gitaa lake akatimkia Memphis.

Herufi B.B. zilitoka redioni. Akiwa mtangazaji wa WDIA, Memphis, alijulikana kama Beale Street Blues Boy. Jina likafupishwa na kufupishwa tena, zikabaki B mbili.

Je, wajua kwa nini gitaa lake liliitwa Lucille? Majira ya baridi ya 1949 alikuwa akitumbuiza Twist, Arkansas. Katikati ya ukumbi pipa la mafuta ya taa liliwaka kuwapasha watu joto. Wanaume wawili wakazichapa, wakaliangusha, moto ukatapakaa. King alishatoka salama alipokumbuka gitaa lake la dola 30, akarudi ndani kulichukua. Watu wawili walikufa. Baadaye aliambiwa ugomvi ulikuwa wa kumgombea Lucille, mwanamke aliyefanya kazi humo. Tangu hapo kila gitaa lake lilirithi jina hilo, limkumbushe asirudie upumbavu ule.

Hakuweza kuimba na kupiga gitaa kwa wakati mmoja. Aliimba mstari, akanyamaza, Lucille akajibu. Ridhimu aliwaachia wenzake. Yeye alikuwa mtu wa solo.

Bukka White, binamu ya mama yake, alipiga gitaa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi. King alijaribu akashindwa, akaanza kuutikisa uzi kwa kidole mpaka sauti itetemeke. Kushindwa huko ndiko kulikozaa mlio ambao mashabiki huutambua kwa noti moja tu.

Mwaka 1956 pekee alipanda jukwaani mara 342.

Septemba 1974 alipiga Kinshasa, kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Mwanamuziki Franco na bendi yake ya TP OK Jazz nao walikuwemo. Foreman aliumia mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki haukusubiri.

Mwaka 1997, huko Vatican, alimkabidhi Papa Yohane Paulo wa Pili gitaa la Lucille.

Mwaka 2012, Ikulu ya Marekani, alikuwa miongoni mwa wanamuziki walioimba pamoja na Rais Barack Obama.

Alifariki tarehe 14 Mei 2015 akiwa na miaka 89 na tuzo 15 za Grammy. Kama hujawahi kumsikiliza, anza na albamu ya Live at the Regal, iliyorekodiwa Chicago mwaka 1964. Kila anaponyamaza, sikiliza Lucille anavyomjibu.