Jioni za Mwalimu, Ngara na Biharamulo

Karibu kila kijiji nchini kina mwalimu wake mlevi, au kinamkumbuka aliyekuwapo. Husimuliwa kwa kicheko kwanza, kisha kwa masikitiko. Huyo alikuwa na kichwa, watasema; hesabu alizifundisha bila kufungua kitabu, na Kiingereza chake kuna watu wazima wanaokiiga mpaka leo. Kisha msimuliaji hutikisa kichwa na kusema pombe imemmaliza. Mjadala hufungwa hapo, kwa kuwa mshtakiwa ameshapatikana na hana wakili.

Nataka kuufungua tena, na mahali pa kuufungulia ni Ngara na Biharamulo, kule mkoa wa Kagera unakopakana na Rwanda na Burundi na kushuka hadi mapori ya Lusahunga na Nyakanazi. Mwalimu ninayemzungumzia si mtu mmoja mwenye jina. Ni aina ya mtu, na aliyewahi kuishi Rulenge, Murusagamba, Nyakahura au Kaniha atamtambua bila kusaidiwa.

Mtu huyu hakuanza na pombe. Alianza na imani, na imani hiyo alipewa na nchi. Julius Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 baada ya kutakiwa achague kati ya siasa na darasa, lakini taifa aliloliongoza liliendelea kusemeshwa kwa lugha ya darasani. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ilitoka Machi 1967. Novemba 1974, Azimio la Musoma likaagiza kwamba kufikia 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe shuleni. Walimu wa kuwafundisha watoto hao hawakuwapo. Vijana waliotoka kumaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundisha huku nao wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na semina. Wakaitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, jina ambalo baadaye liligeuzwa kejeli na watu waliojulia kusoma mikononi mwao. Miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipoota kila mahali, zikaletewa vijana waliopitia mafunzo ya haraka, na hao nao wakabatizwa “voda fasta”. Taifa letu halijawahi kukosa majina ya kuwaita walimu liliowaomba waje haraka.

Kila mara sera ilipotangulia na fedha zikachelewa, pengo lilizibwa kwa neno moja: wito. Kijana aliambiwa anakwenda kujenga taifa, na wengi waliamini kwa dhati. Hilo ndilo la kushika kabla ya kumcheka yeyote. Aliyekwenda Ngara akijua kwamba ni kazi kama kazi nyingine alifungua duka mapema, akanunua pikipiki, akalima kahawa au maharage, akaoa hapohapo. Huyo yupo, ana afya, anasubiri kiinua mgongo. Anayevunjika mara nyingi ni yule aliyefika na sanduku la vitabu.

Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe aliyewahi kufundisha sekondari, alichapisha *Kichwamaji* mwaka huohuo wa 1974 ambao chama tawala kiliazimia mambo yake Musoma. Riwaya ile inamfuata Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anayerudi kwao ziwani na kukuta kwamba elimu imemtenga na watu wake bila kumpa wengine wa kukaa nao, na mwisho wake ni kujiua. Azimio lilisambazwa nchi nzima, riwaya ikaenda maktaba. Ningependa kujua ni ofisa gani wa elimu aliyepata muda wa kusoma vyote viwili.

Ngara ilipata mtihani ambao wilaya nyingi hazikuupata. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, karibu watu robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, ndani ya saa ishirini na nne hivi. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, ikawa mji kabla haijapata vyoo. Katika muda mfupi wakimbizi walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Nyuma yao yakaja mashirika, magari meupe, redio za mkononi na fedha. Mashirika yalihitaji watu wanaojua kusoma, kuandika ripoti, kusema Kiingereza, na zaidi ya yote kuelewana na Wanyarwanda na Warundi. Mhangaza wa Ngara aliyesoma alikuwa na hayo yote, kwa kuwa Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Na Mhangaza aliyesoma, mara nyingi, alikuwa mwalimu.

Wakaondoka madarasani. Mtu aliyekuwa akigombea chaki akawa mkalimani, karani wa stoo au msimamizi wa mgao, kwa malipo ambayo mshahara wa serikali haukuweza hata kuyasogelea. Sioni sababu ya kuwalaumu. Waliobaki, ama kwa uaminifu ama kwa kukosa nafasi, walibeba vipindi vya wenzao na kuwaona jioni wakishuka kwenye magari. Kisha Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, na mashirika mengi yakafungasha. Kambi ya Lukole iliyokuwa na Warundi iliendelea hadi 2008, lakini msimu mkubwa wa neema ulikuwa umekwisha. Baadhi ya walioondoka walirudi kwenye ubao. Walikuta wenzao wamechoka, na wao wenyewe walikuwa wameshajua bei ambayo dunia iko tayari kulipa kwa ujuzi wao. Wito huvumilia umaskini kwa muda mrefu. Kuvumilia ulinganisho ni kazi ngumu zaidi.

Wakimbizi waliacha pia mambo mawili yaliyogusa jioni za mwalimu. Moja ni Redio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi na inayosikika mpaka leo. Kwa wengi imekuwa sauti pekee ndani ya chumba usiku. La pili ni silaha. Kwa miaka mingi mabasi yaliyokatiza pori la Kasindaga na njia za Nyakanazi yalisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi. Mwalimu aliyepangwa ng’ambo ya mapori hayo alijifunza kutosafiri. Msiba ukitokea kwao Songea au Moshi, alituma salamu. Baada ya salamu kadhaa, nyumbani nao huzoea kutomngoja.

Serikali ilipanga asubuhi ya mwalimu kwa ukamilifu wa kupendeza: azimio la kazi, andalio la somo, daftari la mahudhurio, mkaguzi. Jioni yake haikupangwa na mtu. Kengele ya mwisho ikilia, watoto hutawanyika, na walimu wenyeji hurudi kwenye migomba yao na jamaa zao. Mgeni hubaki na chumba cha kupanga, kwa sababu nyumba ya shule, kama ipo, ni ya mwalimu mkuu. Ofisini wenzake huanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kihangaza au Kishubi. Hawana nia mbaya; wako kwao. Vitabu alivyokuja navyo amevisoma mara nyingi, na hakuna wa kubishana naye juu yake.

Sehemu pekee inayompokea bila masharti ni kilabu. Rubisi, au urwagwa kama inavyoitwa upande wa mpakani, ni pombe ya ndizi mbivu zilizokamuliwa na kuchachushwa kwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Ni kinywaji cha watu wengi. Hunywewa posa ikipokelewa na shauri likiamuliwa, na mzee atakayeona umezidisha atakwambia nenda nyumbani. Mwalimu hupewa kiti kizuri humo, huulizwa habari za dunia na huletewa barua za kuandika. Kwa miezi ya kwanza, kilabu humponya.

Balaa huja anapoacha kunywa na watu. Kuna deni, kuna maneno aliyoropoka, kuna mzazi aliyemwona akiyumba. Anaona aibu kwenda kilabuni na anaanza kuagiza. Gongo imeharamishwa na sheria kwa miongo mingi na haijawahi kuadimika. Hununuliwa nyuma ya nyumba, hunywewa mlango ukiwa umefungwa, na hakuna mzee wa kumwambia mtu basi. Viroba, vile vifuko vya pombe kali, vilitoshea mfuko wa koti linalovaliwa darasani. Kifuko hakikuhitaji glasi wala mwenzako. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vema. Chupa ndogo zikachukua nafasi yake, nazo pia hutoshea mfukoni.

Fedha huharakisha safari. Mkopeshaji wa mtaani hukaa na kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba ya siri, naye ndiye anayejua mshahara umeingia saa ngapi. Mwaka 2022 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 23.3, nchi ikashangilia, na Julai walimu wengi wakagundua kwamba asilimia hiyo ilikuwa ya kima cha chini tu. Somo la asilimia, nasikia, wanafunzi wetu hulielewa kwa shida.

Tusimpambe mtu huyu. Mwalimu mlevi humtuma mtoto dukani kwenye kipindi cha sayansi. Huingia asubuhi mikono ikimtetemeka, na fimbo hulipa gharama ya usiku. Watoto wa Nyakahura hawana mwaka mwingine wa darasa la nne wa kurudishiwa. Na kuna jambo linalonizuia nisiulaumu upweke peke yake: wapo walimu wanawake waliopangwa shule zilezile, wengine wakiwa na watoto wachanga na waume walio mikoa ya mbali, na wengi wao hawanywi. Wanabeba. Kwa kuwa hawayumbi barabarani, hakuna anayeuliza wanabeba nini.

Utaratibu wa nidhamu unamjua mlevi vizuri. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, ina hatua zake: barua ya kujieleza, shauri, adhabu, kufukuzwa. Ni haki kuwa nazo. Lakini madaktari wanautambua uraibu wa pombe kuwa ugonjwa, wenye hatari ambazo ofisi ya mwalimu mkuu haizijui. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kuona vitu visivyokuwapo, na wapo wanaokufa. Kumfungia ndani siku tatu ili pombe imtoke, kama wanavyofanya ndugu wenye mapenzi mema, kunaweza kumuua. Anahitaji hospitali na dawa za kumtuliza, kisha mtu wa kuzungumza naye kwa miezi. Murgwanza na Biharamulo zina hospitali. Kwa bingwa wa afya ya akili huenda akaambiwa aende Bugando, Mwanza, na ikishindikana Mirembe, Dodoma. Mirembe ni jina ambalo mtu akitajiwa tu hukana kwamba anaumwa.

Tiba ya mapema zaidi ingekuwa uhamisho. Kwenye makundi ya simu ya walimu tangazo ni lilelile: nipo Ngara, natafuta wa kubadilishana naye, niko tayari Arusha, Kilimanjaro, Morogoro, popote. Aliye Arusha hasomi hata mstari wa pili. Wenye ndoa huomba kumfuata mwenza, na maombi hupanda kutoka kwa mwalimu mkuu hadi kata, hadi wilaya, kisha hukaa. Siamini kwamba kila ombi linapaswa kukubaliwa. Wakihama wote wanaotaka, Ngara itabaki na majengo. Ila kumwacha mtu miaka bila jibu si sera. Mtu aliyeambiwa hapana huanza kujenga, au huoa, au huacha kazi. Asiyeambiwa kitu husubiri, na kusubiri hufanyika jioni.

Kwa hiyo nasema na wakurugenzi na maofisa elimu wa halmashauri hizi mbili. Shule ikipangiwa mgeni mmoja, mpeni mwenzake wa kufika naye siku hiyohiyo, na nyumba ya walimu ijengwe kabla ya uzio. Anayeitwa kwenye shauri la ulevi apite kwanza kwa daktari. Na yale maombi ya kumfuata mwenza yaliyolala, yajibiwe mwezi huu, hata kama jibu ni hapana.