Kuondoa Hofu katika Somo la Uchoraji

Huko Marekani yapo madarasa ya jioni ambamo watu wazima wasiopata kushika brashi hujifunza kuchora picha za rangi huku wakinywa divai. Divai huwapunguzia hofu, lakini kinachowafundisha ni utaratibu: mwalimu hutangulia kupaka rangi ya nyuma, kisha maumbo makubwa, na mwishowe vitu vidogo vidogo, wanafunzi humfuata hatua kwa hatua. Rangi ya akriliki hukauka upesi, hivyo kosa hufunikwa kwa rangi nyingine.

Utaratibu huo wafaa shuleni, divai haifai. Basi hofu ya watoto tutaiondoaje? Tumewaona wakificha picha zao kwa viganja mwalimu apitapo. Tusiisahihishe picha kwa mkono wetu. Tumwulize mtoto amechora nini, tumsikilize, ndipo tumwonyeshe hatua ifuatayo.