Mama Mfamasia, Dirisha la Dawa Si Mwisho wa Njia

Baada ya miaka 15 ya zamu za usiku, mama mfamasia huchoka, na watoto humwona akiwa amelala au anatoka. Je, aache kazi? Sisi twasema: kuacha dirisha la dawa si kuacha taaluma.

Hapa Tanzania, Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa mwaka 1993, hununua, hutunza na kusambaza dawa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hukagua ubora na kufuatilia madhara ya dawa. Lakini kumbuka, ukaguzi una safari. Viwanda huhitaji wasimamizi wa ubora, na vyuo walimu.

Dada, kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, kaeni na baba watoto mpige hesabu ya mshahara na ada. Na usajili wako Baraza la Famasi usiuache ulale.